Usibebe Kambi Nzima Kwenye Begi Moja

Leo nataka tuongee juu ya begi. Si lile la kukimbia vita, hilo tunalijua sote, wengine wetu tulikuwa mgongoni mwa mama na begi likiwa kichwani kwake. Naongea juu ya begi la kwenda chuo, mwaka wa kwanza.

Mimi najitolea kwenye kituo cha vijana, upande wa kompyuta na fotokopi. Kila mwaka ikifika Agosti na Septemba wanakuja wale waliopata nafasi. Huyu anataka barua ya chuo ichapishwe, yule anataka fomu zitolewe kopi tano, mwingine anasubiri watu wapungue halafu anauliza polepole: "Kaka, sasa nibebe nini?"

Swali hilo linaonekana dogo lakini si dogo. Namjua kijana aliyefika chuo na mabegi matatu, halafu akakaa siku nne bila kusajiliwa kwa sababu ya karatasi moja iliyobaki nyumbani. Namjua na dada aliyebeba godoro kutoka hapa mpaka mjini, kumbe chumba kilikuwa na godoro tayari. Pesa aliyolipia godoro kwenye basi ingemlisha wiki nzima.

Maoni yangu ni haya: tunafungasha vibaya, na si mwanafunzi peke yake. Ni sisi sote, familia, majirani, makanisa, misikiti na mashirika. Tunamjazia vitu mpaka zipu inakataa, halafu tunamwacha aende bila vile viwili atakavyovihitaji wiki ya kwanza: karatasi zilizo sawa, na pesa kidogo mkononi.

Orodha tunaitoa wapi?

Orodha ya kwanza inatoka kwenye simu. Unafungua video, unaona mwanafunzi wa Marekani anaonyesha chumba chake cha chuo: friji ndogo, taa za rangi ukutani, zulia, kikapu cha nguo chafu. Ni nzuri kutazama. Lakini yule hapandi basi la usiku kwenda Kitale, na hashuki kwenye kizuizi saa nane usiku kuonyesha kibali. Orodha yake imepimwa kwa gari la baba yake. Yako ipime kwa mikono yako miwili na bodaboda moja.

Orodha ya pili inatoka shule ya bweni. Waliosoma bweni wanaijua kwa moyo: sanduku la bati, kufuli, ndoo, beseni, godoro, sabuni ya kipande, rangi ya viatu. Sekondari mwalimu alikuwa anakagua getini, ukikosa kitu unarudishwa. Chuo hakuna wa kukukagua sanduku. Kinachokaguliwa ni karatasi, na ukikosa karatasi hakuna mwalimu wa zamu wa kukuombea msamaha.

Orodha ya tatu inatoka nyumbani, na hii ndiyo nzito kuliko zote kwa sababu huwezi kuikataa. Mama ameshona mashuka. Mjomba ameleta suti yake. Jirani Msomali ameleta flaski mpya ya chai. Kwaya imenunua blanketi lenye picha ya simba. Kila kitu hapo ni upendo, nami siwezi kuucheka upendo. Lakini upendo una kilo, na basi linatoza.

Karatasi kwanza

Kabla hujakunja hata shati moja, weka mezani karatasi zako zote: barua ya kuitwa chuo, cheti cha KCSE au karatasi ya matokeo kama cheti hakijatoka, kitambulisho cha mkimbizi, barua ya mfadhili au risiti ya karo, fomu ya afya iliyojazwa na daktari, picha za paspoti, na kibali cha kutoka kambini. Toa kopi ya kila moja, zisipungue tatu. Weka zile za asili kwenye bahasha ya plastiki na uibebe mwilini, kwenye begi dogo la mbele. Usiitie kwenye begi kubwa linalowekwa chini ya basi. Piga picha kila karatasi kwa simu, jitumie kwenye barua pepe yako, na acha seti moja ya kopi kwa mama au kwa yaya wako.

Sasa soma jina lako. Nasema lisome herufi kwa herufi. Sisi Wakongo tuna majina matatu, na kila ofisi imeyapanga inavyotaka. Kwenye kitambulisho jina la ukoo limetangulia. Kwenye cheti cha mtihani limekuja mwisho, na ile r imekuwa l kwa sababu mwalimu aliandika alivyosikia wakati wa kuandikisha mtihani. Barua ya chuo nayo imefuata cheti. Hapa kambini hilo halikusumbui, wote wanajua ni wewe. Kwenye foleni ya usajili, yule karani hakujui. Anaona watu wawili.

Kurekebisha jina hakufanyiki siku moja. Wakati mwingine utahitaji barua kutoka ofisi ya usajili, wakati mwingine hati ya kiapo inayosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo usingoje barua ya chuo ndipo uanze. Anza matokeo ya KCSE yanapotoka. Na ninyi mliomaliza Kongo mna diplomi ya kule, cheti chenu ni cha Kifaransa. Kinahitaji kutafsiriwa na kulinganishwa na cha Kenya. Hiyo si kazi ya wiki moja pia.

Kibali nacho kisome. Angalia tarehe ya mwisho, angalia mahali palipoandikwa. Mtu asikudanganye ati barua ya chuo peke yake inatosha njiani. Haitoshi. Kama kibali kinaisha katikati ya muhula, uliza mapema utakiongeza wapi na kwa karatasi gani.

Kitu kimoja watu wanakisahau: laini ya simu. Wengi wetu tunatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki au la mwenye duka. Siku laini ikipotea au ikifungwa, pesa iliyo ndani ya M-Pesa imeshikwa na jina la mtu mwingine. Kama kitambulisho chako kinakubali, sajili laini kwa jina lako kabla ya safari.

Uliza chuo kiko wapi

Hapa Kakuma tunalala nje kwa joto, kwa hiyo mtu anafikiri shuka moja inatosha popote Kenya. Basi nenda Eldoret na shuka hiyo moja. Mji ule uko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya kwanza utavaa nguo zako zote kwa pamoja. Anayekwenda Moi kule Kesses, au anayekwenda Nairobi na Limuru, blanketi zito na sweta mbili si anasa. Hilo blanketi la simba la kwaya, huyo alibebe.

Anayekwenda Kakamega kusoma Masinde Muliro ajiandae na mvua ya mchana, mwavuli na viatu visivyoogopa matope. Anayekwenda Maseno, karibu na Kisumu, neti ndiyo ya kwanza, kwa sababu malaria ya huko haina mchezo. Anayebaki karibu, Lodwar, kwenye chuo cha Turkana, joto ni lilelile la nyumbani, akabebe dumu la maji na nguo nyepesi, blanketi la simba amwachie mdogo wake.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu, piga simu moja. Mtafute mtu aliye kwenye chuo hicho. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992, na mwaka huohuo ndipo ulipoanza ufadhili wa DAFI ambao serikali ya Ujerumani inausaidia. Maana yake, mbele yako wamepita wengi. Muulize aliyetangulia maswali manne tu. Hosteli inatoa godoro au hapana? Chumba kina watu wangapi? Wanaruhusu kupika? Na kama umekosa nafasi ndani ya chuo, chumba cha nje kinapatikana upande gani? Majibu hayo manne yanaweza kukutolea nusu ya mzigo.

Hosteli nyingi zinakataza koili ya umeme na jiko la kupikia chumbani. Ukikamatwa nalo linachukuliwa. Sasa kwa nini ununue hapa kitu kitakachochukuliwa kule? Godoro, ndoo, beseni, sufuria, vyote vipo mjini karibu na kila chuo, na waliomaliza mwaka wa nne wanauza vyao kwa bei ya chini wakati wa kuondoka. Kutoka hapa beba vile vya mwilini: nguo za kubadilisha, viatu vya kufungwa na slipa, taulo, shuka mbili, kufuli nzuri, sahani na kikombe na kijiko, dawa unazotumia pamoja na kitabu chako cha hospitali, chaja, tochi, kalamu na daftari chache. Kama una laptopu, hiyo inakaa na bahasha ya karatasi, usiiache mbali na macho yako. Kama huna, usikope kuinunua kabla hujajua kama mfadhili anatoa au maktaba ya chuo ina kompyuta.

Mchango uwe pesa

Hapa najua wazee wengine watanikasirikia, lakini wacha niseme. Tunapofanya sherehe ya kumuaga mwanafunzi, tunanunua soda, tunakodi viti na spika, halafu kila mtu analeta kitu. Mwisho wa sherehe mtoto ana mabegi matatu na shilingi mia chache mfukoni.

Ufadhili mwingi unalipa karo moja kwa moja chuoni. Pesa ya matumizi inakuja baadaye, na mara nyingine inachelewa. Hizo wiki za kwanza ndizo zinavunja watu. Mwanafunzi anakula mara moja kwa siku, anaona aibu kuwaambia wenzake chumbani, na nyumbani hawezi kuomba, kwa sababu anajua mgao ulivyokatwa mwaka 2025 na mama anachohesabu kila mwezi. Wengine wanaanza kukosa darasa kutafuta vibarua. Muhula wa kwanza ukiharibika, ufadhili wenyewe unaingia hatarini, maana wafadhili wanaangalia matokeo.

Najua jibu la wazee: "Pesa italiwa, blanketi litabaki." Ni kweli, kijana wa miaka 20 akishika pesa yote kwa pamoja anaweza kupotea. Basi tusimpe kwa pamoja. Mchango ukusanywe, uandikwe kwenye daftari mbele ya watu, ushikwe na mtu mmoja wa familia anayeaminika, na atumiwe kwa awamu: kidogo cha safari, kidogo akifika, halafu kila wiki mbili mpaka pesa ya mfadhili iingie. Vikundi vya mama zetu vya kuweka na kukopa vinafanya hesabu ngumu kuliko hiyo kila Jumapili. Hatushindwi.

Na tafadhali, tukichanga, tusimpe mvulana simu na msichana ndoo. Nimeliona hilo kwenye bloki zetu. Dada anayekwenda chuo anahitaji pedi za miezi mitatu, anahitaji kufuli ya maana, anahitaji pesa ya kupanda gari jioni badala ya kutembea gizani. Kama ana mtoto anayemwacha kwa bibi, basi mchango wa maziwa ya yule mtoto nao ni mchango wa chuo.

Ndagala za mama

Msidhani nasema mtu aende mikono mitupu kama mtalii. Mama Mkongo hawezi kukuacha uende bila ndagala. "Huko kwa watu utakula nini, mwanangu?" Chukua. Kaanga kwanza zikauke, funga kwenye mifuko miwili ndani ya kopo lenye kifuniko, kwa sababu ukizibeba hivihivi basi zima litajua unatoka Uvira. Chukua na unga wa muhogo kilo moja, si gunia.

Hicho si chakula tu. Usiku wa kwanza ambao huwezi kulala, utafungua lile kopo na harufu itakurudisha kwenu. Na kuna faida nyingine: ukimkaribisha mwenzako wa chumbani, mmeanza urafiki. Kwa hiyo kwenye begi nafasi ya kitu kimoja cha nyumbani iwepo. Kiwe kimoja. Kitenge, Biblia au Kurani, picha ya familia, chagua mwenyewe. Sio vyote vya bloki nzima.

Maneno kwa wafanyakazi wa mashirika

Tunawashukuru, na shukrani hii si ya mdomo. Lakini ninyi pia mnafungasha nasi, hata kama hamjui. Ombi langu la kwanza: kila mwanafunzi akipata ufadhili, apewe siku hiyohiyo orodha ya karatasi zinazohitajika kwa lugha anayoielewa, na mtu wa kumuuliza. Asisubiri kikao cha siku mbili kabla ya safari.

La pili: kibali kianze kushughulikiwa mapema. Mwanafunzi anayefika wiki moja baada ya wenzake amekosa nafasi ya chumba, amekosa maelezo ya mwanzo, na anaanza mbio akiwa nyuma.

La tatu ni juu ya begi lenyewe. Begi lenye nembo kubwa ya msaada ni imara, zipu yake haikatiki. Lakini mwanafunzi akiingia nalo hosteli, limeshamtambulisha kabla hajafungua mdomo. Wapo wanaolibeba bila shida. Wapo wanaolifunika kwa kanga njia nzima. Kusema "mimi ni mkimbizi" ni haki yake, aseme lini na kwa nani anapotaka. Begi lisiseme kwa niaba yake. Mkinunua mabegi, nunueni yasiyo na maandishi.

Vya kuacha nyumbani

Watu wanaulizana vya kubeba, vya kuacha hawaulizani. Mimi nasema usiuze kitanda chako. Hosteli zinafungwa likizo ndefu, na wengi wanarudi hapa. Nimeona mtu amerudi Desemba akakuta nafasi yake imepewa binamu na yeye analala kwenye viti. Ongea na familia kabla hujaondoka, mkubaliane.

Jambo zito zaidi ni usajili wako. Ukiitwa uhakiki ukiwa chuoni na hujaonekana, faili lako linaweza kusimama, na kulirudisha ni safari nyingine. Kabla ya kuondoka nenda ofisini useme wazi kwamba unakwenda kusoma, peleka kopi ya barua ya chuo, na uulize mtu wa kukupigia simu uhakiki ukitangazwa ni nani. Familia nyingine zinaogopa, ati ukisema umeondoka jina linatolewa kwenye mgao. Naielewa hofu hiyo, sahani ni sahani. Lakini kuficha kunaweza kukuletea shida kubwa zaidi siku ya kuhesabiwa. Uliza, upewe jibu, ndipo uamue na wazazi.

Wale wanaokwenda Kanada kwa mpango wa WUSC, ulioanza mwaka 1978, njia yenu ni nyingine kidogo. Nyinyi mna ule mfuko wa plastiki wa IOM wenye karatasi, mnauzunguka nao mpaka mfike, na mna kilo za ndege. Kule wanafunzi wa chuo wamejipanga kukupokea, na koti la baridi ya kweli hulipati Kakuma hata ukitafuta soko zima. Lakini sheria ni ileile: karatasi mwilini, jina liwe moja, vitu viwe vichache.

Nimalizie

UNHCR na wenzake wameweka lengo kwamba ifikapo 2030, vijana wakimbizi 15 kati ya kila 100 wawe elimu ya juu. Bado tuko mbali, na hapa kwetu kila nafasi inayopatikana ina watu wengi nyuma yake waliojaza fomu ileile na hawakuitwa. Ndiyo maana inauma mtu akirudi muhula wa kwanza kwa sababu ya herufi moja kwenye jina, au kwa njaa ya wiki tatu. Mitihani aliishinda. Tuliomfungasha ndio tuliochemka.

Kwa hiyo wewe unayesubiri majibu mwaka huu, usingoje. Kesho asubuhi toa karatasi zako zote, ziweke mezani, soma jina lako kwenye kila moja. Ukikuta hayafanani, njoo kituoni. Kopi tutatoa, na tutaandika pamoja barua ya kupeleka ofisini. Kituo kinafunguliwa saa tatu.